Mtu wa Kujaza Mto

Siku ya kwanza fundi alipowaona, alidhani ni watu wa mpira.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Alikuwa amekaa sakafuni ndani ya kibanda chake, miguu ameinyoosha, anashindilia sufi kwenye mto wa mteja, mara filimbi ikalia mlangoni. Filimbi ya refa kabisa, ya kusimamisha mchezo. Fundi akasimamisha mikono. Mlangoni palikuwa na bwana mnene, filimbi shingoni, kalamu sikioni, anasoma kibao cha juu ya mlango neno kwa neno. Kibao hicho fundi alikiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu miaka ishirini iliyopita: TUNASHONA MAGODORO. TUNAJAZA MITO.

"Tunajaza mito," bwana yule akarudia, akatia alama kwenye karatasi yake. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Basi njoo, dada yangu anakutaka. Fanya haraka. Yule hana subira, hata kuzaliwa alizaliwa wa miezi saba."

Fundi akatoka hivyo hivyo, sufi kichwani, sufi kwenye nyusi. Kwenye kona ya mtaa ilisimama pikapu nyeupe. Ndani yake alikaa mama mfupi wa miaka sitini na kitu, kofia ya jua kichwani, kipaza sauti cha mkononi mapajani. Nyuma, kwenye bodi, kati ya mataa na nyaya, alikaa mwanamke kijana mwenye kamera ndogo, na kamera hiyo ikamgeukia fundi tangu hatua ya kwanza. Fundi akatamani ardhi ipasuke.

"Wewe ndiye wa kujaza mto?" mama akauliza kupitia dirishani.

"Ndiyo, mama."

"Kazi hii umeanza lini?"

"Niliirithi kwa marehemu baba. Yeye alijaza miaka thelathini."

"Siku hizi kila kazi inarithiwa," mama akasema, kisha akasogea karibu. "Sasa nisikilize. Mto wangu mtupu. Nimeuona jana, nusura nilie. Ndani yake kumebaki mawe na mifuko ya plastiki."

Fundi hakushangaa. Katika maisha yake alishafungua mito ya watu akakuta soksi, magazeti, na safari moja sufuria ndogo yenye mfuniko wake. Watu hulalia mambo.

"Nataka ujae," mama akaendelea. "Kutoka nguzo hadi nguzo, mita kumi na mbili. Na kina kiwepo. Mtu akidondoka kutoka juu azame, apotee kabisa, halafu aibuke. Umenielewa?"

"Sawa."

"Jumamosi, saa nne kamili asubuhi, chini ya daraja la zamani. Si saa nne na dakika. Kamera ya watu inarudi kwao Jumapili."

"Sawa." Halafu fundi akajikaza, akatoa swali moja, na likawa swali pekee aliloweza siku hiyo. "Rangi?"

Mama akamtazama kama mtu aliyeulizwa moto una joto gani. "Wewe mto unaujua una rangi gani? Bluu, baba! Usije ukaniletea matope."

"Sawa."

Pikapu ikaondoka na vumbi lake. Wewe unayesoma umeshaliona kosa, na pengine umeshacheka. Lakini wewe umekaa umetulia. Fundi alikuwa amesimama juani mbele ya kamera, na katika miaka yake arobaini na sita alikuwa hajawahi kumwambia mtu mzima, "Samahani, sijakuelewa." Mtaani hawakumwita kwa jina lake. Walimwita Sawa. Aliishia darasa la saba, akaingia kibandani kwa baba yake, na tangu hapo dunia ilimfikia kwa njia ya vipimo. Akisimama mbele ya watu watatu, ulimi ulikuwa gunia. Aliwahi kumshonea mteja godoro la pembe tatu kwa sababu mteja alichora vibaya kwenye karatasi, na fundi akaona afadhali kushona kuliko kuuliza. Godoro lilipokelewa kwa matusi, likaishia kwa mtu mwenye mbwa.

Bwana mwenye filimbi alibaki nyuma kidogo kumalizia maelezo. Huyo alikuwa mdogo wake yule mama, na kwenye filamu cheo chake kilikuwa meneja. Kabla ya hapo alichezesha mpira wa mitaani mpaka magoti yakamgomea.

"Usiogope ukubwa," akamwambia fundi. "Hii ni filamu, kila kitu kikubwa. Bibi harusi ameachwa siku ya harusi yake, anapanda darajani, anajirusha. Sasa aangukie wapi, kwenye mawe? Lazima aangukie kitu laini. Ndiyo maana dada kaniandikia hapa, soma mwenyewe: 'Atafutwe mtu wa kujaza mto.' Dada ana akili sana. Kitambaa na sufi naleta mimi kesho."

Na kweli akaleta. Kitambaa cha bluu jora tatu, sufi gari zima.

Mkewe fundi aliporudi nyumbani akakuta hana pa kukanyaga.

"Mita kumi na mbili?" akasema. "Nani ana kichwa hicho?"

"Ni cha filamu."

"Baba watoto, labda alisema moja na nukta mbili. Ulimuuliza?"

Fundi akaanza kutafuta sindano ambayo ilikuwa mkononi mwake.

"Hukumuuliza," mkewe akasema. "Kesho uende ukamuulize. Ukirudi bila jibu utakula ukiwa umesimama, maana kiti kimeshamezwa na sufi."

Basi Jumatano fundi akaenda. Walikuwa wanapiga picha kwenye ukumbi wa harusi, nyuma ya soko. Alisimama mlangoni na kamba yake ya kupimia shingoni, akingoja nafasi ya kusema sentensi aliyoifanyia mazoezi njia nzima: "Mama, ni kumi na mbili au moja na nukta mbili?"

Nafasi haikuja. Humo ndani mambo yalikuwa yanakwenda kombo kwa zamu. Bwana harusi, ambaye kazi yake halisi ni kuendesha gari la mikate, alitakiwa kumkataa bibi harusi bila kutazama kamera, na kila akimkataa alikuwa anaitazama kamera na kutabasamu, maana aliambiwa na mama yake atabasamu. Meneja akachoka, akapuliza filimbi, akamwonyesha kadi ya njano. Filimbi ikaingia kwenye sauti. Mama akainua kipaza sauti: "Kata!" Mpiga picha akaendelea kupiga. Huyo sikio la kulia lilikuwa halisikii, na la kushoto alilifunika kwa vile vya kusikilizia, kwa hiyo "kata" ilimfikia ikiwa imechelewa kama barua. Mama akaita tena. "Kata! Kata, jamani! Kata!"

Kwa sababu ya neno hilo watu wote walimwita Mama Kata. Kila alipolisema, mkono wa kulia wa fundi ulishtuka. Ujana wake wote alikaa upande huu wa meza akishika mkasi, na baba yake upande ule akinyoosha kitambaa na kusema, "Kata!" Neno hilo kwake halikupitia kichwani. Liliingia sikioni likatokea vidoleni. Kufikia saa sita mchana alikuwa ameshaikata kamba yake ya kupimia vipande vitatu.

Yule mwanamke wa kamera ndogo ndiye aliyemwona. Alikuwa mkwe wa Mama Kata, mke wa mwanawe wa pekee, na kazi yake ilikuwa kuwarekodi wanaorekodi. Pembeni mwa ukumbi aliweka kreti ya soda, akimkamata mtu anamkalisha hapo na kumhoji.

Meneja alikaa juu yake akasema: "Filamu hii mimi naichezesha kwa sheria. Sina upendeleo, hata dada akizidi naweza kumtoa nje."

Mwenye gari la mikate akakaa akasema: "Nimeambiwa nina sura ya kuacha mtu. Mke wangu kakasirika, lakini hajakataa."

Bibi harusi, msusi wa nywele mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, alikaa akatazama kulia na kushoto, akaishusha sauti ile mpaka ikawa mnong'ono wa kusikika nusu ukumbi. "Mimi siogelei. Hata beseni naliogopa. Mama hajui. Jumamosi sijui itakuwaje. Usimwonyeshe hii."

Fundi alisikia. Akajiuliza kuogelea kumeingiaje, mtu anaangukia sufi. Wazo likaanza kumpanda taratibu kutoka miguuni kama maji ya baridi. Mawe. Mifuko ya plastiki. Nguzo hadi nguzo. Chini ya daraja.

"Fundi, njoo wewe," mkwe akamwita. "Kaa hapo. Kazi yako kwenye filamu ni ipi?"

"Mto," fundi akasema.

"Mto unaendeleaje?"

"Unajaa."

"Una neno lolote la kuwaambia watazamaji?"

Fundi akafikiri kwa muda mrefu, kamera ikamsubiri. "Sawa," akasema.

Hapo Mama Kata mwenyewe akaja, akaketi chini kwenye ngazi ya jukwaa kupumzisha magoti, kofia akajipepea nayo. Akamwambia mkwe wake, "Rekodi, mwanangu. Rekodi yote. Najua mumeo kakutuma nini." Kisha akamgeukia fundi, maana alikuwa karibu na alikuwa kimya, na watu wanaokaa kimya huambiwa mambo.

"Mwanangu anasema nimezeeka. Ananitaka kwake, mbali huko, chumba kiko tayari, kina televisheni na zulia. Nikamwambia nipe siku saba. Kama siku ya saba filamu haijaisha kupigwa, Jumatatu naingia kwenye gari lako na sisemi neno. Tukapeana mikono. Naye kamtuma mkewe na hako kakamera, akaone fujo zangu kwa macho yake." Akacheka kidogo. "Nimepiga picha harusi mia tisa, fundi. Miaka thelathini na moja. Nimepiga mabibi harusi wakicheka, na nimewapiga wakilia chooni kabla ya kutoka, halafu nikaambiwa hicho kipande nikiondoe. Nimekiondoa kila mara. Harusi mia tisa, na sikuwahi kuamua hata moja iishe vipi. Hii moja naamua mimi. Anaruka mtoni, watu wanalia, anaibuka upande wa pili mzima, anakwenda zake. Bila huo mruko sina filamu, nina mikate na filimbi."

Neno lilikuwa limeshafika mdomoni kwa fundi. Halikuwa tena lile la nukta mbili. Lilikuwa, "Mama, mto upi?" Alifungua mdomo.

Mama Kata akamgusa bega. "Kwenye filamu nzima hii, wewe peke yako hujaniletea tatizo. Jumamosi utakuwa umejaa, eh?"

Kuna wanaume wangesema. Fundi aliurudisha mdomo mahali pake.

"Sawa, mama," akasema.

Siku mbili zilizofuata alishona kama mtu anayekimbizwa. Mkewe alishika upande wa pili wa kitambaa, akauliza mara moja tu, "Kasema kumi na mbili?" Fundi akasema kasema. Hakumwambia lililobaki. Alijisemea kwamba meneja ni ndugu wa yule mama, meneja ndiye anajua. Alijisemea kwamba huenda maji ni ya kwenye filamu nyingine. Lakini kila alipochomeka sindano alimwona yule mama akiingia kwenye gari la mwanawe bila kusema neno, na mshono ukazidi kuwa mzuri, kwa sababu mwenye hatia hushona vizuri sana. Mto ulipoanza kutokea nje ya mlango, walihamia uani. Ulipomaliza ua, wakaukunja. Ijumaa jioni akaufunga mdomo wa mto kwa mshono wa muda, wa uzi mmoja, ili kama itahitajika kuongeza sufi kule darajani iongezwe.

Jumamosi saa tatu na nusu ulibebwa na wanaume kumi na wanane wa mtaani. Ulipita barabarani kama jongoo la bluu lenye miguu ya suruali. Magari yalisimama. Fundi alitangulia mbele, mkasi mfukoni, macho chini, na kwa mara ya kwanza maishani mwake watu walimpigia makofi, jambo lililomfanya atembee haraka zaidi.

Walifika darajani saa nne kasoro dakika mbili. Chini ya daraja, mto wenyewe, ule wa Mungu, ulikuwa umebaki mkanda wa maji ambao kuku angeuvuka bila kulowa magoti. Mawe yalikuwepo. Mifuko ya plastiki ilikuwepo. Mama Kata alikuwa amesimama kwenye jiwe kubwa, saa mkononi, anatazama juu kule maji yanakotoka.

Wale kumi na wanane wakautua mto kati ya nguzo na nguzo. Ulienea barabara. Mama Kata akateremka kwenye jiwe, akauzunguka mto mzima, akachukua muda wake, akarudi alipoanzia.

"Hiki ni nini?" akauliza.

"Mto, mama," fundi akasema.

"Mto."

"Wa bluu."

Mama Kata akamgeukia mdogo wake polepole sana, jinsi mlango mzito unavyogeuka. "Nilikwambia unitafutie nani?"

"Mtu wa kujaza mto," meneja akasema, karatasi mkononi. "Kibao chake kimeandikwa hivyo hivyo, dada. Tunajaza mito. Hata sikuongeza neno."

"Mtu wa bwawa!" Mama Kata akapiga kelele bila kipaza sauti, na mwangwi wa daraja ukamsaidia. "Yule wa kule juu! Anayefungua lango maji yakashuka, mto ukajaa! Mto! Wa maji! Wewe umeniletea wa kulalia?"

Meneja akaitia filimbi mdomoni, labda kwa mazoea, akapuliza kidogo, ikatoa sauti ya kusikitisha.

"Mpigieni huyo wa bwawa," mpiga picha akasema, maana habari ilikuwa imeshamfikia. Wakapiga. Ofisi ya bwawa Jumamosi imefungwa, Jumapili imefungwa. Jumatatu itafunguliwa saa mbili.

"Jumatatu," Mama Kata akasema. Akaketi, na kwa kuwa hapakuwa na pengine akaketi juu ya ule mto. Ukamzamisha mpaka kwapani. Alibaki humo, kofia tu na uso juu ya bluu, mikono imelala. "Zimeni kamera zote. Na wewe, mkwe wangu, mpigie mumeo. Mwambie gari lije na nafasi ya kofia zangu."

Mkwe hakuzima. Wala hakupiga simu. Alikuwa analia na kurekodi kwa pamoja.

Fundi alisimama pale. Watu wapatao arobaini walikuwa wanatazama, na juu ya daraja wengine zaidi walishaanza kujipanga kwenye ukingo. Aibu yake ilikuwa kubwa, lakini mbele yake kulikuwa na mwanamke aliyezama kwenye kosa lake, na kosa hilo lilikuwa na mshono wake. Akapiga hatua moja. Akapiga nyingine.

"Mama," akasema. Sauti ilitoka nyembamba, akaisukuma. "Ulisema mtu akidondoka kutoka juu azame."

Mama Kata akainua macho.

"Atazama," fundi akasema. "Wewe mwenyewe umezama, na umekaa tu. Akiruka atapotea kabisa. Nimeweka sufi ya magodoro ishirini. Halafu ataibuka. Jumatano nilijua kuna kosa. Sikusema. Nisamehe, mama."

Hiyo ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa, hata harusini kwake alisema maneno manne. Kisha kutoka juu ya daraja, kwenye gauni jeupe, ikasikika ile sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara:

"Mama! Kwenye huo hata mara tatu naruka! Ingekuwa maji, nilikuwa nakimbia kwetu leo asubuhi, viatu nilishavaa!"

Mama Kata alimtazama bibi harusi. Akamtazama fundi. Akautazama mto kwa jicho jingine, jicho la mtu aliyepiga harusi mia tisa kwenye kumbi mbovu zikaonekana majumba.

"Nitoeni humu," akasema.

Wakamvuta watu wawili. Papo hapo akawasha kipaza sauti. Kamera kubwa ipande darajani, itazame chini moja kwa moja, isione mawe. Wanaume tisa huku, tisa huku, washike ncha za mto wautikise, wapate mawimbi. Wasicheke. Atakayecheka kadi nyekundu. Fundi akae ukingoni pale kwenye mshono wa muda, aangalie usifumuke.

Fundi akapiga magoti kwenye mshono. Uzi ulikuwa umeanza kujitokeza, akautoa mkasi aupunguze kidogo.

"Kimya! Mawimbi! Bibi harusi, umeachwa, dunia imekuishia... ruka!"

Aliruka. Gauni likafunguka kama mwavuli. Akatua katikati ya bluu kwa kishindo laini, akazama, akapotea kabisa, jinsi ilivyoagizwa. Wanaume kumi na wanane wakatikisa kwa nguvu zote. Sekunde moja, mbili, tatu.

"Kata!" Mama Kata akapiga kelele.

Fundi akakata.

Si yeye aliyekata, ni mkono. Uzi mmoja uliachia, mdomo mzima ukafunguka, na kwa yale mawimbi ya watu kumi na wanane, sufi ya magodoro ishirini ikapanda hewani. Ikafoka juu, nyeupe, ikapita nguzo, ikafika darajani, ikafunika kila kitu kama povu la maji yaliyopigwa na mtu aliyeanguka kutoka mbali. Na ndani ya lile povu jeupe bibi harusi akaibuka, mikono juu, akavuta pumzi, akapiga chafya iliyosikika sokoni.

Mpiga picha hakuwa amesikia "kata." Aliipata yote.

Jumapili walimalizia kipande cha ukingoni, bibi harusi anatoka na kwenda zake, kamera ikarudi kwa wenyewe. Jumatatu mwanawe Mama Kata akafika na gari, mtu wa hesabu, miwani na shati lililonyooka. Mkewe akampa kamera ndogo, naye akakaa kwenye ngazi ya nyumba akaitazama yote: kadi ya njano, kreti ya soda, jongoo la bluu, mama yake amezama mpaka kwapani. Alijitahidi kubaki mzito mpaka pale fundi aliposema "Unajaa." Hapo miwani ikamdondoka.

"Mama," akasema alipopata pumzi, "hii ni fujo tupu."

"Ni fujo," Mama Kata akasema. "Lakini imeisha?"

Mwana akahesabu siku kwa vidole, akahesabu tena. "Imeisha," akakubali. Akaondoka na gari tupu. Hata mkewe alibaki, alikuwa na kazi ya kuunganisha vipande.

Filamu ilionyeshwa kwenye ukumbi ule ule wa harusi. Fundi alikaa safu ya mwisho, karibu na mlango, ili aweze kutoka. Mama Kata akamfuata akakaa naye huko. Ilipofika mahali pa kuruka, sufi ikapanda, chafya ikalia, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Watu wakapiga viti. "Rudisha! Rudisha!" Ikarudishwa mara nne.

Mama Kata alikaa wima. "Wanacheka," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilitaka walie."

Fundi akatazama safu zilizo mbele yake kwa makini, kama anayekagua mishono. "Wengine wanalia, mama. Yule anajifuta na kitambaa. Na yule."

Mama Kata akatazama. Ilikuwa kweli, walikuwa wanalia kwa kucheka. Akashusha mabega, na mara ya tano sufi ilipopanda, alicheka yeye kuliko wote.

Alitengeneza filamu nyingine mbili. Fundi alimshonea wingu, akamshonea kiboko, akamshonea mlima uliobebwa kwenye pikapu. Kabla ya kila kazi Mama Kata alimkalisha kitako. "Uliza," anasema. "Sitaki 'sawa' yako. Uliza hata la kijinga." Mwanzoni fundi alitoa jasho. Baadaye akafikia maswali mawili, matatu. Safari moja aliuliza kiboko anatazama wapi, Mama Kata akampigia makofi.

Mwaka wa tatu magoti ya Mama Kata yalikataa ngazi, kisha yakakataa na kizingiti. Safari hii hakupewa siku saba na mtu. Alimpigia mwanawe mwenyewe akamwambia alete gari, na zulia litolewe, linateleza. Siku ya kuondoka gari lilisimama kwenye kona ile ile ya mtaa. Meneja alitoka mbele akapuliza filimbi mlangoni kwa fundi, fundi akatoka hivyo hivyo, sufi kichwani, sufi kwenye nyusi. Hiyo ndiyo mara ya mwisho fundi na Mama Kata kuonana.

Mama Kata alikuwa amekaa dirishani, kofia ya jua kichwani. Alimtazama kwa muda, kama anayepanga picha.

"Fundi," akasema, "safari ni ndefu. Nataka mto."

Midomo ya fundi ikajiandaa kusema lile neno lake la siku zote. Akaizuia. Akasogea mpaka dirishani, akamtazama machoni.

"Mto upi, mama?"

Mama Kata akacheka mpaka kofia ikamdondokea mapajani.

"Wa kulalia, mwanangu," akasema. "Ule mwingine tulishauvuka."